Kama Qur'ani ilikuwa imehifadhiwa vifuani, Zaid bin Thabit alikuwa anatafuta nini kwenye mifupa na makuti?

#1 Kibaraza_cha_Alasiri (mleta mada)
Asalaam aleikum wakuu, na wasio Waislamu habari zenu.

Kazini kwetu kuna mjadala umegoma kuisha. Mwenzetu Mkristo, mtu wa heshima na msomaji mzuri, kauliza hivi: mnasema masahaba wengi waliihifadhi Qur'ani kwa moyo, na Mtume (s.a.w.) alikuwa na makatibu. Sasa baada ya yeye kufariki, ilikuwaje Zaid bin Thabit apite akikusanya vipande vya ngozi, mifupa ya mabega ya wanyama, mawe bapa na makuti ya mitende? Mtu hutafuta kilichopotea. Kama hakuna kilichopotea, alikuwa anatafuta nini?

Kila mmoja wetu alimjibu lake. Sitaki jibu la kumnyamazisha, nataka jibu lenyewe. Karibuni.

#2 Fundi_wa_Pangani
Swali zito. Nakaa pembeni nasubiri wajuzi.

#3 Ustadh_wa_Zamu
Wa aleikum salaam. Tuanze na kisa chenyewe, kimo katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi.

Mwaka wa 12 Hijria vilipiganwa vita vya Yamama dhidi ya Musailima, aliyedai utume. Wasomaji wengi wa Qur'ani waliuawa pale, akiwemo Salim, mtumwa huru wa Abu Hudhaifa, mmoja wa wanne ambao Mtume alisema watu wajifunze Qur'ani kwao. Umar akaenda kwa khalifa Abu Bakr: mauaji yakiendelea hivi kwenye vita vingine, sehemu kubwa ya Qur'ani itaondoka na watu. Abu Bakr akasita. Vipi afanye jambo ambalo Mtume hakulifanya? Umar akamkalia mpaka akakubali. Wakamwita Zaid, kijana ambaye hajafika hata miaka 25, aliyekuwa akimwandikia Mtume wahyi. Naye akasema lau wangemwamuru kuhamisha mlima, isingekuwa kazi nzito kuliko hiyo.

Sasa jibu la swali. Zaid mwenyewe alikuwa ameihifadhi. Asingeshindwa kukaa chini na kuiandika yote kutoka kichwani. Hakufanya hivyo kwa sababu asingetaka msahafu wa umma mzima usimame juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja. Alitaka maandishi yaliyoandikwa mbele ya Mtume, na mashahidi wawili wa kuyathibitisha. Kwa hiyo alikuwa anakusanya ushahidi wa aya ambazo tayari anazijua. Kutafuta ushahidi na kutafuta kilichopotea ni kazi mbili tofauti.

#4 Hoja_kwa_Hoja
Shukrani ustadh, ila hapo kwenye mashahidi wawili pana tatizo. Riwaya hiyo hiyo inasema aya mbili za mwisho za Surat at-Tawba alizikuta kwa mtu mmoja tu, Khuzaima. Kanuni iliishia wapi? Au ndiyo tunaambiwa Khuzaima ushahidi wake ulihesabiwa kama wa wawili? Naona kama jibu lililotengenezwa baadaye kuziba pengo.

#5 Mwana_wa_Chuoni
Mkuu Hoja, umechanganya watu wawili na zama mbili, na wengi wanachanganya hapo.

Aya za mwisho za at-Tawba (128 na 129) ni zama za Abu Bakr, na aliyekutwa nazo ni Abu Khuzaima al-Ansari. Aya ya 23 ya al-Ahzab ndiyo iliyokutwa kwa Khuzaima bin Thabit, mwenye ushahidi wa watu wawili, na hiyo ni zama za Uthman, khalifa wa tatu, wakati wa kunakili misahafu. Ni kweli ndani ya riwaya zenyewe majina yanagongana, wengine wakasema "Khuzaima au Abu Khuzaima", lakini Ibn Hajar, mfafanuzi wa Bukhari, aliyachambua akaona ni watu wawili.

Na angalia maneno ya Zaid kuhusu ile aya ya al-Ahzab: anasema aliikosa, na alikuwa akimsikia Mtume akiisoma. Utaikosaje aya usiyoijua? Aliijua, alichokosa ni karatasi.

#6 Hoja_kwa_Hoja
Sahihisho nimelipokea. Swali langu kuhusu at-Tawba bado liko palepale: shahidi wa pili wa Abu Khuzaima ni nani?

#7 Ustadh_wa_Zamu
Wapo wanaosema wawili waliokusudiwa ni hifadhi na maandishi, siyo watu wawili. Ibn Hajar ameitaja tafsiri hiyo. Ukienda nayo, Abu Khuzaima ana maandishi, Zaid na wenzake wana hifadhi, kanuni imetimia. Wapo wanaosema ni watu wawili hasa, na hao inabidi wakujibu kwa njia nyingine.

#8 Binti_wa_Visiwani
Mimi nitasema la nyumbani, maana naona mnaongea kama kuhifadhi kwa moyo ni jambo dhaifu linalohitaji kusaidiwa na karatasi.

Nimesomea chuoni Lamu, zamani za ubao. Tulikuwa tukiandikiwa kwa wino wa masizi na kalamu ya mwanzi, ukishahifadhi unaosha ubao unaandikiwa nyingine. Maalim wetu alikuwa kipofu. Watoto tumejaa ukumbi mzima, kila mtu na sura yake, kelele kama sokoni, yeye kaegemea ukuta na kijiti mkononi. Ukikosea irabu moja tu, kijiti kinakuelekea wewe, si wa kando yako. "Rejea." Hakuwa na haja ya kuuona ubao. Na kaka zetu wakubwa, hata walioshika msahafu wa kuchapwa, hawakuhesabiwa wamesoma mpaka wamsomee yeye.

Waama, mimi swali la mleta mada naligeuza. Kwa masahaba, msahafu ndio uliokuwa unasahihishwa na vifua. Yale maandishi ya zama hizo hayakuwa na nukta wala irabu. Asiyeijua aya tangu zamani asingeweza kuisoma sawasawa pale.

#9 Fundi_wa_Pangani
Dada hapo umenikumbusha kijiti cha maalim wangu, nacho kilikuwa hakikosei mtu.

#10 Msomaji_Huru
Niingie kwa adabu. Mimi si Muislamu, nasoma historia.

Tatizo la watafiti wengine ni kwamba Bukhari kafariki mwaka 870, zaidi ya miaka 200 baada ya hayo matukio. Mwaka 1977 mtafiti John Wansbrough alidai kwamba Qur'ani ilichukua sura yake ya mwisho taratibu, karne mbili hivi baada ya Mtume, na kwamba visa vya Abu Bakr na Uthman vilitungwa kuipa asili ya zamani. Na cha ajabu, mwaka huo huo wa 1977 John Burton akachapisha hoja kinyume kabisa: Mtume mwenyewe ndiye aliyeacha msahafu umekamilika. Wote wawili waliziweka kando riwaya zilezile, mmoja akaenda kaskazini, mwingine kusini.

Kwa hiyo nauliza: nje ya riwaya, kuna kitu cha kushika mkononi?

#11 Mkutubi
Kipo, tena kingi kuliko walivyokuwa nacho watu wa 1977.

Chuo Kikuu cha Birmingham kina karatasi mbili za ngozi zenye sehemu za sura ya 18, 19 na 20. Vipimo vya kaboni vilivyotangazwa Julai 2015 vilitoa kati ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Mtume kafariki 632. Maneno yaliyomo ni haya haya tunayosoma.

Kule Sanaa, Yemen, mwaka 1972 wakati wa ukarabati wa Msikiti Mkuu, yalikutwa marundo ya karatasi za misahafu ya kale darini. Na Jerusalem, ndani ya Qubbat as-Sakhra (Kuba la Mwamba), kuna aya zilizoandikwa kwa vigae vidogo vya mosaiki, na jengo lina tarehe yake: mwaka 72 Hijria, yaani 691 hadi 692. Hoja ya kusubiri karne mbili ni ngumu sana kusimama mbele ya vitu hivyo, na leo wanaoishikilia ni wachache.

Tahadhari moja: kaboni inapima ngozi, yaani mnyama alichinjwa lini. Haipimi wino. Ila ngozi ilikuwa ghali, si kitu cha kuweka kabatini miaka na miaka.

#12 Hoja_kwa_Hoja
Mkutubi, mbona Sanaa umeipita haraka? Wataje watu yaliyo chini ya ile ngozi.

#13 Mkutubi
Nilikuwa nakuja huko.

Moja ya misahafu ya Sanaa iliandikwa mara mbili. Maandishi ya kwanza yalifutwa, juu yake yakaandikwa mengine. Wino wa zamani ulirudi kuonekana kwa mbali, na kwa mwanga maalumu unasomeka. Yale ya juu ni msahafu huu wa Uthman. Yale ya chini ni Qur'ani pia, aya ni hizi, lakini kuna tofauti ndogondogo za maneno na mpangilio wa sura si wetu: pale inapoisha at-Tawba inaanza Maryam.

Maelezo yanagawanyika. Behnam Sadeghi anasema ni nakala ya ukoo mwingine, wa msahafu wa sahaba fulani kabla au nje ya kazi ya Uthman. Asma Hilali anaona ni maandishi ya darasani, mwanafunzi anaandika na kurekebishwa. Nikisoma chuo kama alichokieleza Binti_wa_Visiwani hapo #8, ubao unaandikwa na kuoshwa, hoja ya Hilali inaniingia. Lakini ngozi si ubao, na kuandika sura ndefu namna ile kwa mazoezi ni gharama kubwa. Kwangu Sadeghi ana nguvu zaidi.

#14 Ustadh_wa_Zamu
Na hata ukimfuata Sadeghi, hakuna lililovunjika. Vitabu vyetu wenyewe vimeeleza kwamba Ibn Mas'ud na Ubayy bin Ka'b walikuwa na misahafu yao yenye mpangilio tofauti. Waliotuhadithia habari hizo ni maulamaa, hawakuzificha.

#15 Kibaraza_cha_Alasiri
Mashallah, naandika pembeni. Sasa hapo ndipo mwenzangu anapofikia: kama misahafu ya masahaba ilikuwa halali, Uthman aliichoma kwa nini?

#16 Mwana_wa_Chuoni
Kwa sababu ya Hudhaifa bin al-Yaman. Alikuwa kwenye jeshi la Armenia na Azerbaijan, watu wa Sham (Syria) na watu wa Iraki wako bega kwa bega. Ukifika wakati wa kusoma, huyu anasoma kwa kisomo cha Ubayy, yule cha Ibn Mas'ud, kila mmoja anamwona mwenzake kapotoka, wanakaribia kukufurishana. Hudhaifa akaenda moja kwa moja kwa Uthman: uwahi umma huu kabla haujahitilafiana kama waliotangulia. Wengi wanaweka tukio hilo mwaka 25 Hijria, wengine 30.

Uthman akaziazima zile karatasi za Abu Bakr, ambazo zilipita kwa Umar na wakati huo ziko kwa Bibi Hafsa, binti wa Umar. Akaweka watu wanne: Zaid tena, na Makuraishi watatu, Abdullah bin Zubair, Said bin al-As na Abdurrahman bin al-Harith. Mkihitilafiana na Zaid, andikeni kwa lugha ya Kuraishi. Tirmidhi anasimulia walibishana juu ya neno "tabut" katika al-Baqara, Zaid anataka limalizike kwa "ha", Makuraishi kwa "ta". Likapelekwa kwa Uthman, likaandikwa kwa "ta". Ndiyo ukubwa wa hitilafu iliyofika hadi kwa khalifa!

Nakala zikapelekwa Makka, Sham, Basra na Kufa, moja ikabaki Madina. Wapo wanaozihesabu nne, wapo wanaofika saba kwa kuongeza Yemen na Bahrain.

#17 Hoja_kwa_Hoja
Na Ibn Mas'ud alikataa. Alisema alichukua sura sabini na kitu kutoka kinywani mwa Mtume wakati Zaid bado mtoto. Huyu si mtu wa pembeni, ni katika wale wanne aliowataja ustadh #3. Tusipite kimya.

#18 Ustadh_wa_Zamu
Hakuna anayepita kimya. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia, kazi imefanyika Madina yeye yuko Kufa. Lakini fuatilia kisomo chake. Asim wa Kufa alisoma kwa Zirr bin Hubaish, na Zirr alisoma kwa Ibn Mas'ud. Na Asim ndiye huyu ambaye mimi na wewe tunasoma riwaya ya mwanafunzi wake Hafs. Sauti ya Kufa imo ndani ya msahafu unaoushika leo.

Na Ali bin Abi Talib imepokewa kwamba aliwakataza watu kumsema Uthman vibaya kwa kuchoma ile misahafu, akasema lau yeye ndiye angekuwa madarakani angefanya vile vile.

#19 Mjukuu_wa_Mchanga
Kuchoma kwenyewe wala si tusi. Msikitini kwetu Mombasa kuna sanduku la misahafu iliyochakaa na makaratasi ya juzuu. Likijaa, wazee wanachoma mahali pasafi, majivu yanazikwa. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini asiitupe baharini kama wanavyofanya wengine, akasema maji hurudisha ufukweni, na karatasi ya Mola haifai kukanyagwa na wavuvi.

#20 Fundi_wa_Pangani
Kwetu tunazika bila kuchoma. Mahali pasipopitwa, shimo refu, kitambaa cheupe. Hilo la moto mimi roho hainipi.

#21 Mjukuu_wa_Mchanga
Basi Pangani ni Pangani, hamchomi hata mahindi 😀

#22 Mchango_Mdogo
Niongeze tu kwamba Qur'ani ina sura 114 na aya 6666 na haijapungua hata moja.

#23 Mkutubi
Sura 114 sawa. Aya 6666 ndugu yangu hebu fungua msahafu ujumlishe. Hesabu ya Kufa, ndiyo iliyo kwenye misahafu yetu, ni 6236. Basra walihesabu 6204, Sham 6226. Maneno ni yale yale, tofauti ni wapi aya inakatika. Wengine wanahesabu "Alif Lam Mim" aya peke yake, wengine wanaiunganisha na inayofuata. Hiyo 6666 imeenea kwenye mawaidha na kalenda za ukutani, lakini hakuna mji wa kale uliohesabu hivyo.

#24 Aliyepita_Khartoum
Hapo kwenye visomo naomba niseme, maana nimesoma Sudan.

Siku za mwanzo niliswali nyuma ya imamu mzee wa mtaani kwao, akasoma "Qul a'udhu birabbi n-nesi, maliki n-nesi". Mimi moyoni nasema imamu kakosea, na nyuma kimya, hakuna anayemsahihisha. Baada ya swala ndipo nikaelezwa kuwa hii ni riwaya ya ad-Duri kutoka kwa Abu Amr wa Basra, wao wameirithi babu kwa babu. Morocco wanasoma riwaya ya Warsh, Libya ya Qalun. Na si matamshi peke yake. Aya ya mwisho ya Surat ash-Shams sisi tunasoma "wala yakhafu", Warsh anasoma "fala yakhafu", na nakala ya Uthman iliyobaki Madina iliandikwa kwa "fa", ya Kufa kwa "wau". Maulamaa wa zamani walikaa wakaorodhesha tofauti za namna hiyo kati ya nakala zile, moja moja.

Kuenea kwa Hafs dunia nzima kumesukumwa sana na uchapaji, Cairo mwaka 1924 na baadaye Madina, kwenye kiwanda cha Mfalme Fahd.

#25 Hoja_kwa_Hoja
Subiri. Kwa hiyo nakala za Uthman zenyewe zilitofautiana? Mbona wahubiri wetu wanasema hata herufi moja haitofautiani popote?

#26 Aliyepita_Khartoum
Ndiyo, zilitofautiana sehemu chache zinazojulikana. Wengi wanasema ilikusudiwa, ili visomo viwili vilivyothibiti visipotee, vikagawiwa kwenye nakala mbili. Wapo watafiti wanaosema ni kalamu za wanakili tu. Mimi niko na wa kwanza, kwa sababu kila mji ulisoma kulingana na nakala yake na Madina haikuwaita watu wa Kufa wakosaji.

Mhubiri anayesema hakuna hata herufi anamwacha kijana wa Kiislamu bila silaha siku atakapofungua msahafu wa Warsh. Hilo linaniuma kweli.

#27 Mmuskati
Habari za Maskati. Dada kagusa nukta #8, mimi nizimalizie. Irabu za mwanzo alizitia Abul-Aswad ad-Du'ali kwa nukta za wino wa rangi: nukta juu ya herufi ni fatha, chini ni kasra, mbele ni dhumma. Nukta za kutenganisha "ba" na "ta" na "tha" zinahusishwa na Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar, zama za al-Hajjaj gavana wa Iraki. Alama hizi tunazotumia leo zina asili kwa al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, na huyo ni wa kwetu Oman.

#28 Binti_wa_Visiwani
Nilijua Mmuskati hatamaliza bila kumleta al-Khalil 😀 Shukrani yakhe. Na sisi watu wa Pate tunao wetu: Siyu palikuwa na waandishi wa misahafu karne ya 18 na 19, kazi za mikono zenye nakshi nyekundu na nyeusi.

#29 Jirani_wa_Upanga
Salaam. Mimi ni Shia Ithnaasheri wa hapa Dar. Kwetu pia yapo maelezo kwamba Imamu Ali alikaa nyumbani baada ya Mtume kufariki akaikusanya Qur'ani. Na Ayatullah al-Khoei, aliyefariki 1992, alishikilia kwamba Qur'ani ilikuwa imekusanywa uhai wa Mtume, na kwamba riwaya za Zaid na makuti zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Msahafu tunaosoma ni huu huu, niliseme mapema kabla hajaja mtu na mengine.

#30 Msomaji_Huru
Kwa hiyo al-Khoei na Burton wa #10 wamekutana mahali pamoja kwa njia tofauti. Sikulitegemea hilo.

#31 Kibaraza_cha_Alasiri
Na zile herufi saba je? Mwenzangu anasema Mtume aliruhusu namna saba, Uthman akabakisha moja, sita zimeenda.

#32 Ustadh_wa_Zamu
Hadithi ni sahihi. Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Surat al-Furqan tofauti na alivyofundishwa, akamkokota kwa nguo yake hadi kwa Mtume. Mtume akawasikiliza wote wawili, kila mmoja akamwambia ndivyo ilivyoteremshwa.

Maana yake ndiyo kazi. Tabari, mfasiri wa Qur'ani wa zamani, ana kauli anayoisema mwenzako: ilikuwa ruhusa ya kuwarahisishia watu, haikuwa lazima, Uthman akawakusanya kwenye moja kulinda umoja. Wengine wanasema maandishi yasiyo na nukta yalibeba kila yaliyoweza kubeba katika hizo saba, na visomo kumi vya leo ni sehemu yake. Wengine wanasema ni lahaja za makabila. Ibn al-Jazari, bingwa wa fani hii, alisema aliitafakari hadithi hiyo miaka thelathini na zaidi.

#33 Aliyepita_Khartoum
Mimi na ya pili. Ukienda na Tabari unashindwa kueleza "fala" na "wala".

#34 Mwana_wa_Chuoni
Unaeleza vizuri tu. Herufi ni jambo moja, kisomo ni jambo jingine. Tabari alivijua visomo na aliandika juu yake.

#35 Hoja_kwa_Hoja
La mwisho kwangu. Karatasi za Hafsa. Kama zilikuwa sawa na msahafu wa Uthman, Marwan alizichana kwa nini?

#36 Mkutubi
Alimwomba Hafsa akiwa gavana wa Madina, Hafsa akakataa. Alipofariki mwaka 45 Hijria, Marwan akazitaka kwa ndugu yake Abdullah bin Umar mara tu walipotoka maziko, akazipata, akaamuru zichanwe. Sababu aliyoitoa ni kwamba yaliyomo yameshaandikwa kwenye msahafu, na aliogopa zama zikipita atokee mtu wa kuzitilia shaka.

#37 Hoja_kwa_Hoja
Na kwa kuzichana ndiyo kanipa mimi shaka. Angeziacha.

#38 Ustadh_wa_Zamu
Kumbuka zile karatasi ni za kabla ya kuafikiwa mwandiko mmoja. "Tabut" mle huenda imeandikwa kwa "ha". Mtu wa Basra akiiona baada ya miaka mia, vita vya Hudhaifa vinaanza upya.

#39 Jirani_wa_Upanga
Au Marwan alitaka tu pasibaki nakala yoyote nje ya mikono ya serikali. Bani Umayya, ukoo wake, hatuwajui leo.

#40 Ustadh_wa_Zamu
Jirani, ukileta Bani Umayya tutahitaji uzi mwingine. Fungua, nitakuja.